Kifaa Kinachoitwa Mama

Ile alama ya Wi-Fi kwenye simu ya mshonaji ilizunguka, ikazunguka, kisha yakatokea maneno: "Imeshindwa kuunganisha." Akasonya. Wateja wake wote walikuwa humo, na vipimo vyao, na picha za nguo walizozitaka.

Akafanya yote yanayofanywa na mtu asiyependa kuomba msaada. Akaizima simu, akaiwasha. Akaufuta mtandao, akaandika neno la siri upya, herufi kwa herufi, ulimi nje. Akaingia chumba cha kushonea, akakichomoa kisanduku cha intaneti, akasubiri kidogo, akakichomeka. Taa zikawaka. Televisheni ikapata mtandao. Simu yake, wapi! Akatoka hadi saluni ya jirani, na huko simu ikanasa mara moja. Basi simu haikuwa mbovu. Kuna mtu nyumbani kwake alikuwa amemfungia nje.

Na nani kama si mumewe? Tangu majirani waanze kuwanyonyea intaneti, mume, fundi rangi anayependa utaratibu kupita kiasi, alikuwa ameufunga mtandao kwa majina. Kila kifaa alikikubali yeye mwenyewe kupitia simu yake, na jina moja halikuingia mara mbili. Tena siku hizi alikuwa na tabia ya kuchekea simu. Kikulacho ki nguoni mwako, mshonaji akajiambia, na nguo alizijua. Wivu ukampanda, na nyuma ya wivu hofu, maana nyumba hii na binti yao mdogo, waliyempata baada ya miaka ya kukata tamaa, ndivyo alivyokuwa navyo duniani.

Mume akarudi mchana, mapema kuliko kawaida, kucha zina rangi, uso umechanua.

"Umenitoa kwenye mtandao," mshonaji akasema, hata salamu hakutoa. "Unaficha nini?"

"Nikutoe wapi? Si tumeandikiana tangu asubuhi?"

"Mimi na wewe?"

"Acha utani, mke wangu." Akamwonyesha simu. Ujumbe wa mwisho ulikuwa na jina la mshonaji na picha yake: "Rudi mapema. Ile habari usimwambie mtu."

"Mimi sijaandika hayo. Habari gani?"

Mume akaishusha simu polepole. Furaha ikamtoka usoni. Akafungua orodha ya vifaa, navyo vilikuwa vitatu: Baba, Televisheni, Mama.

"Ona. Uko ndani."

"Niko nje! Tazama." Akaizima simu yake mbele ya macho ya mumewe, kioo kikawa cheusi. Kwenye orodha, Mama alikuwa bado yupo. Vijistari vyake vya mawimbi vilikuwa vimejaa, kumaanisha kwamba kifaa hicho kilikuwa karibu kabisa na kile kisanduku.

Wote wawili wakageuka kuutazama mlango wa chumba cha kushonea.

Kwanza ikaja harufu, ya kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi, na pasi yenyewe ilikuwa baridi mezani mbele yao. Kisha cherehani ikaanza kulia ndani, taratibu, kwa mwendo ule ule anaoutumia mshonaji akipita kwenye kona, anapunguza, anageuza kitambaa, anakanyaga tena, mwendo ambao hakumfundisha mtu yeyote na ambao sasa aliusikia akiwa amesimama ukumbini, miguu yake yote miwili juu ya sakafu.

"Mtoto yuko wapi?" mume akanong'ona.

"Nilimlaza kitandani."

"Mama, inanibana hapa," binti yao akasema kutoka chumba cha kushonea.

"Simama wima, kipenzi, nikulegezee," sauti ikamjibu. Ilikuwa sauti ya mshonaji mwenyewe.

Akaruka kuelekea mlangoni. Mume akamdaka mkono.

"Usisogee."

"Mwanangu yuko ndani na jini!"

"Tangu asubuhi nyumba hii imekukataa wewe," mume akasema kwa sauti ya chini, akimtazama kama anavyomtazama mteja anayekana deni. "Yeye imemkubali."

"Baba watoto, ni mimi! Niulize chochote. Niulize mahari, niulize kovu lako la mgongoni, niulize siku mtoto alipozaliwa."

Mume akauliza, "Leo asubuhi mke wangu aliniambia habari gani?"

Mle ndani cherehani ikanyamaza.

"Nilikwambia nina mimba, baba watoto," sauti ikasema nyuma ya mlango, kwa haya, kama mke anavyosema jambo lile. "Na usiniletee mtu huyo huku. Anamtisha mtoto."

Machozi yakamtoka fundi rangi. Tangu binti azaliwe alikuwa ameyangoja tena maneno hayo, na mtu anayengoja hivyo hachunguzi sana yametoka kinywani mwa nani. Akauachia mkono wa mkewe, akaingia chumbani, akazungusha ufunguo kwa ndani.

Mshonaji akaupiga mlango kwa ngumi, akaupiga kwa viganja, akalia, akaita, akajitaja jina lake, la baba yake na la mama yake, mpaka mikono ikafa ganzi.

"Nani anagonga, mama?" mtoto akauliza, sauti inatetemeka.

"Usiogope, mwanangu," sauti yake ikajibu mle ndani, kwa upole. "Akichoka ataondoka."