Nyumba ya Maili ya Mwisho

Mchumba wa fundi alikufa kabla waya wa intaneti haujafika kwao. Kifua kilimbana, nyumbani simu haishiki mtandao, na kilima cha kutafutia mawimbi hakuweza kukipanda.

Sasa fundi yuko sebuleni kwao, anafunga kisanduku cha intaneti ukutani. Mama mkwe amekaa, simu ya marehemu mapajani, imechomekwa chaji.

"Mama, bado unaichaji?"

"Ikizimika nitakuwa nimemzika mara ya pili. Funga waya wako, baba."

Fundi akainama.

"Kwenye kikao cha kijiji cha kuleta mtandao, mwanangu aliwaambia," mama akaendelea. "'Njia ya kuja kwetu mnaiita maili ya mwisho kwa kuwa mmekaa sokoni. Njooni mkae kwetu, ndiyo ya kwanza. Anzeni huku.' Mwenyekiti akajibu nini vile?"

"Kwamba bibi harusi ana haraka ya kuchati."

"Watu wakavunjika mbavu. Na wewe?"

Fundi akakaza skrubu iliyokwisha kukazwa.

"Nilicheka, mama. Nikanyoosha na mkono tuanzie sokoni. Niliogopa wataniambia napendelea ukweni."

Taa ya kijani ikawaka. Nywila ya kisanduku fundi alishampa mchumba wake kabla hajafa, naye akaiweka kwenye simu, akasubiri. Simu ya marehemu ikanasa mtandao yenyewe, na ya fundi pia.

Mfukoni mwa fundi, simu yake ikalia. Ikalia tena. Haikunyamaza.

"Nani huyo?"

"Ni yeye, mama." Akasoma kwa sauti ujumbe mmoja baada ya mwingine.

"Mpenzi, kifua kinabana."

"Tafuta gari uje."

"Kilima sikiwezi leo. Naandika tu, zitafika zikifika."

"Kile kicheko nimekusamehe."

Mama akaangua kilio.

"Zilikwama, mama. Zilikuwa zinasubiri waya. Ni mitambo tu."

Kisha, kwenye kioo cha fundi, chini ya jina la marehemu, pakatokea neno: anaandika…

"Mama, toa kidole kwenye hiyo simu!"

Lakini mama alikuwa ameshika kichwa kwa mikono yote miwili. Simu imelala mapajani, kioo cheusi tii.

Ujumbe ukaingia.

"Mbona unamliza mama?"

Fundi akauchomoa waya kwa nguvu.

"Rudisha!" mama akapiga kelele. "Rudisha, baba! Alikuwa hajamaliza!"

Fundi akaurudisha. Taa ikawaka kijani. Wakakaa wakiangalia vioo viwili mpaka jua likazama. Hakuna kilichoingia.

Maili ile moja ilikula mabunda mawili ya waya, nguzo ishirini na mbili, na binti mmoja wa watu.