Tumejitunza kwa Neema

Mvua iliponyesha ghafla pale soko la mitumba Nakuru, kila mtu alitafuta nailoni ya kujifunika isipokuwa Bethwel. Yeye alikuwa amevua jaketi, shati jeupe limemganda mgongoni, na hilo jaketi amefunika nalo kinanda alichokibeba kifuani kama mtoto mgonjwa.

"Mathe, nisaidie na kanafasi," alisema akijipenyeza kwenye kibanda cha viatu.

"Mathe umemwacha nyumbani," Edinah akamjibu bila kuinua macho kwenye kiatu alichokuwa anakipiga brashi. "Hapa kuna Edinah. Na hicho kitu kisikalie raba zangu."

Shiko wa kibanda cha pili alicheka mpaka akashika nguzo. Bethwel hakucheka. Alikuwa anamtazama huyu msichana wa sketi ndefu ya buluu, kitambaa cha maua kichwani, vidole vyeusi kwa rangi ya viatu, na akaona mvua inakaribia kuisha mapema sana. Ilipoisha kweli alinunua viatu visivyomtosha ili apate sababu ya kurudi kuvibadilisha.

Alirudi. Kisha zikaanza simu.

"Umekula, mrembo?"

"Nimekula. Wewe umeomba?"

"Nimeomba nikule."

Bethwel alikuwa mpiga kinanda wa kanisa lile kubwa la mabati ya buluu, na kabla mahindi hayajakomaa Edinah naye alikuwa anaimba mbele. Sauti yake ilikuwa ya kwao Keringet, nyembamba, ya asubuhi ya baridi. Mama yake, Chepkemei, ni yule aliyewahi kusimama kanisani huko kwao akaungama kwamba alipanga viazi vibovu chini ya gunia na vizuri juu. Watu walimcheka mwaka mzima, na wakaendelea kununua viazi kwake tu.

Mara ya kwanza Edinah alipolala kwa Bethwel, kule Free Area, alilia. Bethwel akamfuta machozi kwa kidole, akamwambia Mungu anaelewa, si wataoana? Edinah alimpenda, na ile sauti ilikuwa tamu, basi na yeye akaelewa. Jumapili walitoka kwenye chumba kimoja na kwenda kanisani kwa njia mbili, Bethwel mbele, Edinah baadaye kidogo, ili wakutane mlangoni na kusalimiana "Bwana asifiwe" kama watu ambao hawajaonana wiki nzima. Nusu ya waimbaji walifika hivyo hivyo.

Bethwel alimvisha pete juu kule Menengai, upepo ukipeperusha gauni lake la manjano, na Edinah akakubali kabla hajamaliza kuuliza. Kilichobaki kilikuwa matangazo ya ndoa.

Na hapo palikuwa na desturi. Mchungaji Ndegwa huwaita wachumba mbele, awaulize, "Mmejitunza?" Nao hujibu, "Tumejitunza kwa neema." Kanisa hupiga makofi. Dada yake Shiko alilijibu hilo swali akiwa amevaa dera pana, tumbo la miezi likiwa limetangulia mbele ya maikrofoni, na makofi yakapigwa.

"Ni salamu tu," Bethwel alimwambia Edinah. "Mtu akikuuliza habari na una malaria, si unasema mzuri?"

Edinah alisema yeye hawezi. Alimweleza polepole, akimshika mkono, kwamba wakisema ukweli watawekwa benchi ya nyuma, wasiimbe, wasishiriki meza ya Bwana, mpaka watakaporudishwa. Sawa. Watakaa wote wawili. Halafu waoane bila kitu cha kuficha.

"Na kinanda nani atapiga? Siku hizi tuko laivu mtandaoni, sweetie."

"Bethwel."

Akambusu paji la uso. "Haya. Tutaona."

Kila mtu wa huku anajua maana ya "tutaona". Mwenye duka akikwambia, unatafuta duka lingine. Lakini Edinah alikuwa anapenda, akasikia ndiyo.

Jumapili ya matangazo alivaa lesi nyeupe. Bethwel alivaa suti ya buluu iliyobana, suruali fupi, kifundo cha mguu nje. Mchungaji alipouliza, Bethwel alijibu haraka lile jibu la desturi, na maikrofoni ikasogea kwa Edinah.

"Hatujajitunza, mchungaji," alisema. "Tunaomba mtuombee."

Kamera iligeuzwa ikatazama maua. Mchungaji akacheka kidogo, akasema dada anamaanisha hakuna aliye mkamilifu, amina? Amina zikaja chache. Akamgeukia Bethwel. "Ndugu?"

Edinah alimtazama. Bado alikuwa na hakika.

"Mimi nimejibu yangu," Bethwel alisema. "Yeye anajijua."

Basi benchi ya nyuma ikapata mtu mmoja, na kinanda hakikukosa mpigaji. Mama Kihara, mwenyekiti wa akina mama, alimvuta Edinah kando pale nje, wala hakuwa na hasira. "Msichana wangu, sisi sote tulisema tumejitunza. Wewe ulitaka kutuonyesha nini?" Shiko alimshauri ahamie kanisa lingine, yako mengi. Edinah akasema aliomba kuombewa, atangoja.

Bethwel alipiga simu.

"Uliniaibisha."

"Nilikuomba tusimame pamoja."

"Nilisema tutaona."

"Nikaona."

Bethwel akasema anampenda. Edinah akamjibu kwamba hilo analijua. Hamwombi aongee kwa maikrofoni, hamwombi aungame mbele ya mtu. "Njoo tu ukae na mimi pale nyuma, Jumapili moja. Ukikaa, tutaoana hata kesho yake. Usipokaa nitajua."

Jumapili ya kwanza hakuja. Ya pili pia. Ya tatu, Edinah akiwa ameinamia Biblia, alisikia manukato anayoyajua, na benchi ikalia kwa uzito. Bethwel alikuwa ameketi. Goti lake liligusa la Edinah. Msichana hakuweza kumtazama, alisogeza Biblia katikati yao wasome wote.

"Nimeongea na mchungaji," Bethwel alinong'ona. "Amekubali. Lile swali hatauliza tena. Harusi tufanyie Naivasha, kando ya ziwa. Wewe useme tu siku ile ulikuwa na stresi."

"Umekuja kukaa, ama umekuja kuniita?"

"Si nimekaa, babe? Hauoni?"

Mbele waimbaji walikuwa wameanza bila kinanda, kila mmoja na sauti yake, wimbo ukiyumba kama mlevi. Mchungaji alitupa macho huku na huku, akampata, akamwonyesha kinanda kwa kidevu. Vichwa viligeuka.

"Dakika moja, mpenzi. Nakuja."

Bethwel aliinuka, akafunga kifungo cha koti, akapita katikati ya kanisa watu wakimtabasamia. Kinanda kikaingia, wimbo ukashika njia, na watu wote wakasimama wakainua mikono. Alipiga vizuri. Hilo hakuna wa kumnyima.

Mama mmoja aliyechelewa, mtoto mgongoni, viatu vimejaa matope, aliinama kando ya benchi.

"Hapa kuna mtu?"

Edinah aliangalia mbele, kule Bethwel alikokuwa amefumba macho, vidole vyake vikikimbia.

"Hakuna, mama," akasema, akasogea. "Keti."