Nani Atambeba Bibi Tekla?

"Kimbunga ni cha watu wa pwani," alisema Raphael. "Kikijitahidi sana kitafika stendi ya Msamvu, kule mjini. Kitashuka kwenye basi kama abiria wengine na kuulizia chai. Kupanda huku kwetu hakiwezi. Huku hata pikipiki hupanda zikilia."

Watu waliojikinga mvua kwenye kibaraza cha duka walicheka. Raphael akanogewa.

"Na kikipanda, nitakipokea mzigo!"

Raphael alilima kabeji na karoti katika kitongoji cha Mlagilo, juu kwenye milima ya Uluguru. Shamba na nyumba vilikuwa vya ukoo wa mke wake, Scholastika. Kwao ardhi hupita kwa mama, na mwanamume akioa huenda kuishi upande wa mkewe. Kwa hiyo Raphael aliishi na Scholastika, binti yao Upendo wa miaka tisa, na mama mkwe wake, Bibi Tekla.

Bibi Tekla alikuwa na magoti mabovu. Safari ya kutoka kitandani hadi jikoni aliifanya kwa fimbo, na katikati alipumzika. Kwa mila ya mkwe na mama mkwe, yeye na Raphael waliheshimiana kupita kiasi. Hawakutazamana usoni. Hawakushikana mikono. Hata kusemeshana, walimtuma Upendo.

"Upendo, mwambie baba yako chumvi imekwisha."

"Baba, bibi anasema chumvi imekwisha."

"Mwambie bibi nimesikia."

Na wote watatu walikuwa jikoni, wanaota moto mmoja.

Mvua ilikuwa inanyesha siku ya tatu. Redio ilisema kimbunga kiko baharini, kinakaribia nchi kavu. Ilisema watu wa milimani wawe macho. Asubuhi, saa tatu, jirani yao Rahel alipiga hodi. Alivaa buti za mvua na mfuko wa nailoni kichwani. Rahel alikuwa mjumbe wa kamati ya maafa ya kijiji. Ndiye pia aliyefundishwa kusoma kipima mvua kilichosimikwa karibu na shule.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umelowa hivyo?"

"Dunia yote imelowa, Bibi." Rahel akamgeukia Raphael. "Baba Upendo, jana jioni kipima mvua kilijaa, nikakimwaga. Leo nimekikuta kimejaa tena. Kamati imeamua. Watu wote wa huku mteremkoni na wa kando ya kijito tuhamie shuleni, kule kwenye mgongo wa kilima. Twende mchana huu, wakati njia inaonekana."

"Dada Rahel, kimbunga chenyewe kiko wapi? Tazama mgomba ule. Hata jani halijatikisika."

"Upepo unaweza kufia baharini. Mvua yake haifi. Kimbunga kinasukuma mawingu, mawingu yanakuja kugonga milima hii, yanamwaga. Udongo ukishashiba maji unakuwa mzito na unateleza. Unashuka na kila kitu kilicho juu yake."

"Nyumba hii ina miaka thelathini."

"Na ule ufa nyuma ya choo una miaka mingapi?"

Raphael alidhani ni yeye peke yake aliyeuona. Juzi ulikuwa mwembamba kama uzi. Jana uliingia kidole. Leo alfajiri ulimeza mkono wake hadi kwenye kifundo. Aliufukia kwa jembe, akakanyaga, akaondoka bila kumwambia mtu. Tena tangu jana mlango wa jikoni ulikuwa haufungiki. Scholastika alipouliza, alimjibu kuwa mlango umenenepa.

"Ardhi ikipasuka hivyo, inataka kuondoka," alisema Rahel. "Fremu za milango zinapinda. Miti inainama. Hizo zote ni dalili. Beba vyeti, dawa za Bibi, simu, tochi na nguo kavu. Kabeji ziache."

Scholastika alikuwa na mimba ya miezi saba. Alisimama akishika kiuno.

"Baba Upendo, twende."

"Na mama?" aliuliza Raphael kwa sauti ndogo.

Hapo kila mtu akatazama chini. Kila mara Bibi Tekla alipokwenda zahanati, alibebwa na mwanawe, Jastin. Lakini Jastin alikuwa amepata kazi ya kuchomelea mageti Kihonda, mjini. Wanaume wengine wa kitongoji walikuwa wameteremka na mgonjwa tangu asubuhi, na machela moja ya kijiji wameondoka nayo. Alibaki Raphael. Lakini mkwe ambebe mama mkwe? Amweke mgongoni, amshike miguu? Masikio yake yaliwaka moto kwa kuwaza tu.

"Tumsubiri Jastin," alisema. "Nimempigia. Yuko njiani."

"Msingoje sana," alisema Rahel. "Mimi nina nyumba kumi na moja za kupita. Mkisikia lolote lisilo la kawaida, tokeni."

Wakasubiri. Saa nne. Saa tano. Mvua haikupungua hata kidogo. Bati lilipiga kelele mpaka wakawa wanaongea kwa kupaza sauti. Upendo alikaa miguuni pa bibi yake na mkoba wa vyeti mapajani. Scholastika alikuwa akienda mlangoni na kurudi. Kila aliporudi, alimtazama mumewe.

Saa sita simu ikaita.

"Shemeji!" Ilikuwa sauti ya Jastin. "Maji yamefunika daraja! Watu wamezuiwa kuvuka! Siwezi kufika! Mbebe mama!"

"Mtandao mbaya," alisema Raphael. "Sikusikii."

Alikuwa amesikia vizuri sana.

Akaweka simu mfukoni. Akajaribu kutafuta neno la kuchekesha, akalikosa.

Nyuma ya nyumba ulipita mfereji wa kumwagilia bustani. Ulitoka kijitoni, na kwa siku tatu ulikuwa umejaa na kunguruma. Familia nzima ilikuwa imeuzoea mngurumo ule. Basi ghafla ukakoma.

Raphael alitoka nje mbio. Mfereji ulikuwa na matope tu. Maji yalikuwa kama uzi, tena mekundu. Kaa mmoja alikuwa anatangatanga katikati, hajui aende wapi.

"Yamekwisha!" alipiga kelele kwa furaha. "Scholastika! Maji yamekwisha! Kimbunga kimechoka, kimerudi kwao!"

Upendo alikuja akasimama kando yake. Mvua ilimchuruzika usoni. Akatazama mfereji, kisha akatazama mawingu.

"Baba, mvua bado inanyesha. Sasa maji yameenda wapi?"

Raphael alifungua mdomo. Mvua ikamwingia mdomoni.

Mara Rahel akatokea, anakimbia, magoti yote matope.

"Tokeni! Kijito kimekauka! Tokeni sasa hivi!"

"Si ndiyo heri, Dada Rahel?"

"Heri gani! Mvua ipo halafu maji hayapo? Huko juu udongo umeanguka, umeziba kijito. Maji yanajaa nyuma ya udongo ule. Ukipasuka yatakuja yote kwa mara moja, na mawe, na miti! Msishuke kwa njia ya kijitoni. Pandeni kwa pembeni, mgongoni mwa kilima!"

Walipoingia ndani, Bibi Tekla alikuwa ameshasikia. Alikuwa amevaa rozari yake shingoni na kujifunika kanga.

"Upendo," alisema taratibu, "mwambie baba yako akuchukue wewe na mama yako, mwende. Mimi nabaki."

Upendo alimtazama bibi. Akamtazama baba.

"Sisemi," alisema. "Hayo sisemi!" Akaanza kulia.

Raphael alisimama na mikono imening'inia. Mkulima mwenye nguvu, aliyezoea kuteremsha gunia la karoti mpaka barabarani bila kupumzika, sasa hakuweza kunyanyua bibi kizee mmoja mwembamba.

Rahel hakumpa nafasi ya kufikiri. Alivuta blanketi kitandani.

"Chuchumaa, Baba Upendo. Blanketi hili litakaa katikati yenu. Litakuwa ukuta. Heshima yenu iko pale pale. Bibi, mila imewekwa na watu waishi pamoja. Haikuwekwa ili mkwe wako akuache ufe. Panda."

Bibi Tekla alifumba macho. Akapanda. Rahel na Scholastika wakamfunga na blanketi, kama mtoto anavyofungwa mgongoni. Raphael akainuka.

Wakatoka. Rahel alitangulia akipima njia kwa fimbo. Scholastika alifuata, akimshika Upendo mkono. Raphael alikuwa wa mwisho. Njia ilikuwa utelezi mtupu. Kila alipoweka mguu, udongo uliukubali kisha ukaukataa. Aliteleza, akashika shina la mgomba. Akateleza tena, goti likagonga jiwe. Mikono ya Bibi Tekla ilimkaza shingoni.

Ndipo waliposikia. Mwanzoni ilikuwa kama lori la kokoto linamwaga mzigo mbali. Lakini lori humaliza kumwaga. Sauti hii haikuisha. Ilikua. Ardhi ikatetemeka chini ya nyayo zao. Harufu ya udongo mbichi na miti iliyovunjika ikawafikia.

Raphael akataka kugeuka.

"Mwanangu," alisema Bibi Tekla sikioni mwake. Hakumtuma mtu. "Usitazame nyuma. Tembea."

Akatembea.

Walipofika juu, wakaangalia. Miti ilikuwa inashuka mlimani ikiwa imesimama wima, kama watu wanaotembea. Kisha ikaanguka. Tope jekundu lilipita palipokuwa na mfereji. Likachukua choo. Likachukua jiko. Likachukua kabeji zote. Nyumba ikabaki nusu, kitanda cha Bibi Tekla kikiwa upande uliokwenda.

Scholastika aliweka mkono tumboni, akakaa chini kwenye majani yaliyolowa.

Walilala shuleni siku tano. Siku ya pili Raphael alitaka kurudi kuokoa majembe, Rahel akamkatalia. Alisema mteremko ulioanguka mara moja unaweza kuanguka tena, na mtu asirudi mpaka wataalamu wa wilaya waje kuukagua. Saa chache baadaye kipande kingine kilishuka. Raphael hakuyataja majembe tena.

Baada ya hapo Mlagilo ilibadilika. Kamati iliandika orodha ya wasioweza kutembea, na kila mmoja akapangiwa wabebaji wanne wa karibu, awe mkwe au asiwe mkwe. Vijana walitengeneza machela tano kwa mianzi na magunia. Kila nyumba ilitundika mkoba wa vyeti na dawa mlangoni. Watoto walifundishwa kuutazama mfereji mvua inaponyesha, na kupiga filimbi wakiona maji yamepungua ghafla. Raphael na Scholastika walipewa na ukoo kiwanja kingine, mbali na mteremko.

Mwaka uliofuata redio ikatangaza kimbunga kingine. Safari hii saa tano asubuhi kitongoji chote kilikuwa shuleni, wazee wote wakiwa kwenye machela. Udongo ulianguka sehemu mbili. Haukumkuta mtu.

Siku hiyo darasani kulikuwa na wageni kutoka kitongoji cha jirani, ambao hawakujua habari za mwaka uliopita. Raphael, kiongozi wa wabebaji, aliwakusanya awasimulie. Upendo alikuwa pembeni, amempakata mdogo wake.

"Nilipouona mfereji umekauka," alisema Raphael, "nikajua papo hapo. Nikawaambia tokeni! Nikamweka mama mgongoni, nikapanda naye taratibu. Wala sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa napiga mluzi."

Wageni wakatikisa vichwa kwa kumstaajabia.

"Mluzi?" ilisema sauti kutoka kwenye mkeka nyuma yao. Alikuwa Bibi Tekla. "Waambie watu ukweli, wasije wakasubiri kama sisi. Mimi nilikuwa mgongoni kwako. Moyo wako ulikuwa unatwanga mpaka ukanitikisa. Salamu Maria uliianza mara saba, na hukuifikisha Amina hata mara moja."