Zebaki Chini ya Mkeka

Kila asubuhi, kabla ya uji, watoto wa chekechea ya Mwalimu Salome walinyoosha mikono mbele. Watu wengi pale Nyarugusu, kijiji cha wachimba dhahabu, walidhani ni ukaguzi wa kucha tu. Kucha zilikaguliwa kweli, maana vumbi la makarasha ya kusagia mawe halimwachi mtu. Lakini baada ya kucha lilifuata swali.

"Mikono hii jana ilifanya nini?"

Mmoja alisema yake ilichota maji. Mwingine alisema yake ilimfinya mdogo wake. Aliyekiri kosa hakuchapwa. Alimwagiwa maji ya kunawa, akaambiwa amwombe msamaha Mungu na yule aliyemkosea, kisha akarudi kukaa. Watoto wa kanisani waliomba wakiwa wamefumba macho. Mehjabin, binti wa mwenye duka la vyombo, aliinua viganja na kuomba dua kama walivyomfundisha nyumbani. Halafu wote walikunywa uji wa sufuria moja.

Likizo ile ya Juni, Lusia alikuwa msaidizi wa Mwalimu Salome. Alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na kazi hiyo ilimpendeza kupita kiasi. Alitembea katikati ya watoto mikono nyuma, utadhani mkaguzi wa elimu kutoka wilayani. Watoto walimwita "dada mwalimu," na jina hilo lilimpanda kichwani.

Jumanne Mwalimu Salome aliitwa kwenye kikao katika ofisi ya parokia, iliyokuwa uwanja mmoja na chekechea. Akamwachia Lusia watoto kumi na wanne.

"Waimbishe tu," alisema. "Sichelewi."

Lusia hakuwa na haja ya kuimbisha. Tangu nyumbani alikuwa amejiandaa. Mfukoni alibeba kichupa kilichokuwa cha dawa ya macho, na ndani yake mlikuwa na zebaki kidogo. Aliitoa kwenye sanduku la baba yake bila kuomba. Baba yake, Mzee Masalu, aliosha mchanga wa dhahabu mwaloni, kwenye mabwawa ya kuoshea, na zebaki ndiyo iliyomsaidia kukamata chembe za dhahabu. Mtoto gani wa Nyarugusu hajawahi kutamani kuichezea? Inang'aa, inakimbia, na ukiigusa inagawanyika ikawa shanga ndogo ndogo.

"Nani ataweza kuikamata?" Lusia aliuliza, akaimwaga juu ya benchi.

Loo, kelele zilizolipuka hapo! Watoto walirukiana, wakaisukuma kwa vidole, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Lusia alijiona mwalimu kuliko mwalimu mwenyewe. Mara zebaki ikadondoka, ikasambaa kwenye sakafu na mkeka. Wakati huo huo mlango wa ofisi ya parokia ukasikika ukifungwa.

Lusia alishika ufagio, akafagia mbio mbio. Shanga zote alizoziona alizisukumia chini ya mkeka. Akaketi juu yake, akaanzisha wimbo. Mwalimu Salome alipoingia alikuta darasa linaimba vizuri, akamsifu.

Mchana huo Lusia hakukalika. Alikwenda kisimani, akafika hajabeba ndoo. Alianza kuosha vyombo, akaviacha na povu. Alitaka kurudi darasani, lakini mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Jambo moja lilimkereketa. Siku za kuchoma dhahabu, baba yake aliwafukuza watoto wote mbali na mkaa, akifoka kwamba moshi wa zebaki ni sumu.

"Lakini sisi hatukuchoma kitu," Lusia alijiambia. Alijiambia hivyo mara nyingi, na kila mara maneno yale yalizidi kukosa nguvu.

Jumatano asubuhi watoto wakanyoosha mikono kama kawaida. Mwalimu Salome alifika kwa Mehjabin, akainama.

"Mikono hii jana ilifanya nini, mama?"

Mehjabin alitabasamu. Hakuwa na cha kuficha. "Ilikamata ile shanga ya dada mwa..."

"Ilikamata kikombe cha uji!" Lusia alidakia. "Anataka kusema kikombe, mwalimu. Si ndiyo, Mehjabin?"

Mehjabin alimtazama. Alikuwa na miaka mitano, na usoni mwake ungeweza kuona jinsi anavyofikiri. Alimtazama Lusia, akamtazama mwalimu, halafu akaangalia chini.

"Ilikamata kikombe," alisema.

"Vizuri sana," alisema Mwalimu Salome, akaenda kwa mwingine.

Lusia alikuwa amenusurika, lakini hakutulia. Alisogea dirishani, akarudi, akapanga vikombe vilivyokuwa vimekwisha kupangwa.

Wakati wa uji Mehjabin alimfuata, akamvuta sketi. Alinong'ona kwa furaha ya mtu aliyefaulu mtihani.

"Dada mwalimu, na mimi nimejua kuficha! Jana shanga moja niliiweka kwenye kifuniko cha soda, nikaenda nayo nyumbani. Mama akaniuliza, 'Umeficha nini?' Nikamwambia, 'Sina kitu.' Leo asubuhi nimeiweka juu ya rafu jikoni, pale kwenye jiko la mkaa. Na leo nimesema kikombe, kama ulivyonifundisha."

Kama ulivyonifundisha! Miezi yote hiyo Mwalimu Salome alikuwa akiwafunza watoto hawa kusema kweli, na Lusia, kwa siku mbili tu, alikuwa amemfunza mtoto kumdanganya mama yake na mwalimu wake. Tena mtoto alikuwa akisubiri kusifiwa.

Halafu akakumbuka neno "jiko." Saa nne ile kila nyumba ya Nyarugusu inawasha mkaa. Kifuniko kikidondoka motoni, au rafu ikipata joto, Mama Mehjabin angevuta moshi ule ule ambao Mzee Masalu aliwafukuzia watoto mbali. Maji yalikuwa yamezidi unga. Akinyamaza, pengine hakuna atakayejua. Akisema, hataitwa dada mwalimu tena. Lusia alisimama, akakaa, akasimama tena. Kisha alipiga moyo konde na kukimbia kwa Mwalimu Salome, mikono ameinyoosha mbele kama watoto wadogo.

"Mwalimu, mikono yangu ilileta zebaki! Iko chini ya mkeka. Na nyingine iko kwa akina Mehjabin, karibu na moto. Mehjabin alitaka kusema kweli, mimi nikamzuia!"

Mwalimu Salome hakuuliza la pili. "Watoto wote nje! Kaeni pale uwanjani, mbali na mlango." Alimwita katekista wa parokia awaangalie, akamshika Mehjabin mkono, na wote watatu wakatimua mbio kuelekea nyumbani kwa akina Mehjabin, nyuma ya duka la vyombo.

Mama Mehjabin alikuwa ameinamia jiko na upepeo mkononi. Makaa yalikuwa yanaanza kushika.

"Shikamoo mama, usipepee, tafadhali!" Lusia alisema huku akihema. "Toka kwanza!"

"Marahaba. Kuna nini tena?"

Mehjabin alinyoosha kidole kwenye rafu. Kifuniko kilikuwa palepale, shibiri moja juu ya moto, na shanga ikimetameta ndani. Mwalimu Salome alibana pumzi, akakichukua taratibu, akakitia kwenye kopo la plastiki lenye maji na kulifunga. Mama Mehjabin alimkumbatia binti yake.

Kabla ya adhuhuri, kwa wito wa Mwalimu Salome, alifika darasani Bwana Donatus, mtaalamu wa afya wa kata, akiwa amevaa glavu. Alifungua madirisha yote, akakunja mkeka na kuufunga kwenye mfuko pamoja na ule ufagio.

"Unasema hamkuchoma kitu?" alimwuliza Lusia, aliyekuwa amemweleza yote. "Binti yangu, zebaki haisubiri moto. Joto la mabati haya peke yake linatosha kutoa mvuke, na mvuke huo hauonekani wala haunuki. Unaharibu ubongo na figo, na watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi. Na ufagio hausaidii, unaisambaza tu."

Watoto wote walipimwa. Hakuna aliyeonekana na dalili, ila waliambiwa warudi tena baada ya wiki mbili. Darasa lilifungwa mpaka Bwana Donatus aliporidhika kwamba sakafu ni salama.

Siku ya kufungua, Lusia alikuja na baba yake. Hakutembea mikono nyuma. Aliketi kwenye mkeka mpya pamoja na watoto, magoti yakimgusa kidevu, akanyoosha mikono.

"Mikono yangu iliiba kwa baba," alisema. "Ikaleta sumu hapa. Na mdomo wangu ulimfundisha Mehjabin kusema uongo. Naomba mnisamehe."

Ghafla Mzee Masalu, mtu mzima na makovu yake ya mwaloni, naye akapiga magoti na kunyoosha mikono.

"Hii yangu iliacha sanduku wazi," alisema. "Na ilishika zebaki mbele ya watoto kila siku, kana kwamba ni mchezo. Sitaiweka tena nyumbani."

Mama Mehjabin, aliyesimama mlangoni, alijifuta macho kwa mtandio. "Hata sisi Waislamu tunawafundisha watoto hivyo hivyo," alisema. "Mwenyezi Mungu anampenda anayerudi kwenye kweli."

Mwalimu Salome aliwatazama wote. "Lusia," alisema, "watoto hawa hawajui kusoma bado. Wanakusoma wewe. Unaweza kuwaimbisha nyimbo za Mungu mwaka mzima, lakini watafuata kile wanachokuona ukifanya. Umekosa mbele yao, ndiyo. Leo umetubu mbele yao, na hilo nalo wamejifunza. Kesho njoo unisaidie kama kawaida."

"Wabeja, mwalimu," alisema Mzee Masalu kwa Kisukuma chake, akishukuru.

Mehjabin alikuwa amekwisha kuinuka. Alichota maji kwa kopo, akalibeba kwa mikono miwili asimwage, akasimama mbele ya Lusia.

"Nawa, dada mwalimu," alisema.