Gari la Nyonga ya Bibi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, msichana aliyeitwa Karani aliketi kwenye kigoda kando ya meza ya kukatia na kufungua daftari la vipimo. Baba yake alikuwa fundi cherehani. Wateja wa mapema waliingia mmoja mmoja, baba akawazungushia futi kifuani na kiunoni, akataja namba, na Karani akaandika kwa penseli. Baba hakulitazama daftari wakati wa kupima hata siku moja. Alisema kichwa chake ni cha mikasi na namba ni kazi ya karani, kwa sababu fundi mwenye kazi mbili kichwani hukata suruali ya mguu mmoja. Wateja wengine walikaa mbali na hawakuonekana mwaka mzima, lakini nguo zao zilishonwa na kuwakaa vizuri. Mwili haupo dukani, baba alipenda kusema, lakini vipimo vipo.

Mama alipiga pasi na kushona vifungo. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyekuwa akikata nyuzi kwenye pindo na kuwatania wateja wenye vitambi kwamba wanawamalizia watu kitambaa. Sasa kiti chake kilikuwa kitupu. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga, akawa analala chumba cha nyuma. Daktari alisema baada ya wiki tatu aanze kwenda kliniki ya mazoezi mara mbili kwa wiki, la sivyo nyonga itakakamaa na hatatembea tena bila kushikwa. Akatoa na onyo. Bibi asikae kwenye kiti cha chini sana hata magoti yakapanda, wala asikwee kitu cha juu.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Gari lao la zamani, waliloliita Kikohozi, kiti chake kilikuwa chini kama mkeka. Tena lilikuwa limekwisha kufa. Lilizimika mbele ya lango la shule siku ile ile walipokuwa wanampeleka Bibi kufanyiwa upasuaji. Baba na mama walilazimika kumtoa kwa kumshika makwapani, huku uso wake umekunjamana kwa maumivu, ili wamhamishie gari jingine.

Wanafunzi walisimama kutazama. Miongoni mwao alikuwepo binti wa muuza magari, aliyesoma darasa moja na Karani. Walimwita Twiga kwa sababu ya shingo yake ndefu na jinsi alivyopenda kuwaangalia wenzake kutoka juu.

"Jamani, njooni muone," Twiga alisema. "Gunia linashushwa. Lishikeni vizuri lisije likapasuka."

Watoto wakaangua kicheko. Kwa wiki nzima, kila Karani alipoinuka kwenye dawati, mtu nyuma yake alinong'ona, "Shusheni gunia."

Karani hakujibu. Hakuwa mtoto wa maneno mengi. Hata akiulizwa na mwalimu alijibu kwa sauti ya kuazima. Lakini kimya si msamaha. Kinyongo alikifukia kama kaa la moto kwenye majivu, na kila siku alilipuliza kidogo lisizimike. Akifua soksi, alimwona Twiga akiteleza kwenye tope mbele ya shule nzima. Akila, alimwona Twiga akisahau shairi jukwaani. Aliomba Mungu ampe nafasi moja tu. Hakutaka mbili.

Nafasi ilikuja yenyewe. Baba alitangaza kwamba watanunua gari jingine, na kwamba litachaguliwa kama nguo inavyoshonwa, kwa vipimo. Alimpima Bibi kitandani, kutoka unyayo hadi nyuma ya goti na kutoka goti hadi nyonga. Akarudi kwa daktari, wakakubaliana kwamba kiti kinachomfaa kiwe kati ya sentimita sitini na sitini na tano kutoka chini. Karani akaandika kwenye ukurasa mpya. Mama akaongeza masharti yake: buti lenye nafasi ya majora ya vitambaa, na injini isiyokunywa mafuta kama ng'ombe wa kiangazi. Bibi naye aliomba kutoka chumbani kwamba lisiwe la rangi nyekundu, maana hakutaka kuzeeka kwa kelele.

Mwishoni yalibaki magari mawili. Yote yalikuwa magari ya juu, yenye matairi manene, na kwa macho ungesema ni ndugu. La kwanza lilikuwa la dereva mmoja mstaafu, mzee mpole aliyelifunika kwa turubai kama mtoto mchanga. Waliliona Jumamosi asubuhi. Baba aliinama, akashusha futi kutoka kwenye kiti hadi chini. "Sabini na nne," akasema. Karani akaandika. Ilikuwa nyingi mno.

La pili lilikuwa kwenye yadi ya baba yake Twiga. Walifika mchana. Mama alifungua buti na kutabasamu, kwa maana majora yangelala humo yamenyooka. Muuza magari aliwaonyesha kila kitu bila kuficha, hata mkwaruzo mdogo chini ya mlango. Na Twiga alikuwepo, ameegemea boneti, anatafuna karanga. Alisubiri wakubwa wageuke, akamsogelea Karani.

"Mmekuja kutafuta gari la gunia?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Upande wa pili baba alikuwa ameinama na futi yake. "Sitini na tatu," akasema. "Umeandika, Karani wangu?"

Penseli ilisimama. Sitini na tatu. Hili ndilo lililokuwa gari la Bibi, kana kwamba limeshonwa kwa ajili yake. Maana yake watalinunua, na baba yake Twiga atacheka, na Twiga atasema shule nzima kwamba wale wa gunia wameuziwa gari na baba yake. Karani aliandika sabini na nne. Kisha akarudi ukurasa wa nyuma, akafuta namba ya asubuhi kwa kifutio na kuandika juu yake sitini na tatu.

"Nimeandika, baba," alisema.

Jioni familia iliketi mezani na baba akasoma daftari kwa sauti. Mama alikunja uso. Alisema kwamba kwa macho yake, lile la yadi lilionekana kuwa chini zaidi. Baba akamjibu kwamba macho hudanganya na futi haidanganyi, na mama, ambaye miaka yote alikuwa ameona nguo zikitoka sawa kwenye daftari lile, akakubali. Baba alimpigia simu muuza magari na kumwambia kwa heshima kwamba gari lake halitawafaa. Karani alisikiliza kila neno. Lilikuwa tamu kama muwa.

Jumatatu Twiga alikuja shuleni macho yamevimba. Habari zikazunguka darasani kwamba baba yake alikuwa amemwahidi baiskeli siku gari lile litakapopata mnunuzi, na sasa mnunuzi ameliacha. Karani alimpitia karibu. Kwa mara ya kwanza maneno yalimtoka bila kukwama.

"Pole, ndugu yangu. Labda gari lenu limezidi uzito. Kama gunia."

Darasa lililipuka kwa kicheko, na safari hii kilimwangukia Twiga. Karani aliketi akiwa amenyoosha mgongo. Siku ile hata hesabu za mafungu zilimwendea vizuri.

Ijumaa jioni, dereva mstaafu alileta gari lake hadi mlangoni pa duka ili Bibi alijaribu kabla ya kukabidhiana. Karani alikuwa amejiambia kwamba sentimita kumi na moja ni nini, hata kisigino cha kiatu cha mama hakipungui sana hapo. Bibi alitoka polepole na fimbo zake mbili, amevaa kitenge kizuri, akisema leo ni bibi harusi anayesindikizwa. Baba alifungua mlango. Bibi aligeuka, akajaribu kuketi, kiti kikamgota mgongoni. Akajaribu tena kwa kuinua mguu. Hapo alitoa sauti ambayo Karani hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima, sauti nyembamba kama ya mlango mkavu, na fimbo moja ikaanguka. Baba alimdaka.

Daktari alisema nyonga haikutoka mahali pake, lakini msuli umevutika. Bibi alale wiki mbili zaidi. Jambo hilo likitokea tena, alisema, atarudi kwenye kisu.

Baba hakumlaumu dereva wala gari. Alikipima kiti kile upya peke yake, mara tatu, akikodoa macho, na mara zote tatu futi ikasema sabini na nne. Kisha akamwambia mama kwa sauti ya chini kwamba macho yake yamekwisha. Lazima alisoma sabini na nne akataja sitini na tatu. Mtu anayeweza kukosea hivyo atakosea tena. Karani alisikia yote kutoka kwenye kigoda chake. Akaendelea kuchonga penseli yake.

Kesho yake asubuhi aliingia mwalimu wa kwaya na kitambaa cheusi cha suti ya harusi yake. Baba hakugusa futi. Alikikunja kitambaa vizuri na kumrudishia mikononi.

"Mwalimu, nisamehe," alisema. "Tafuta fundi mwingine. Mimi nimeanza kusoma namba zisizokuwepo. Jana nusura nimuue mama yangu."

Mwalimu wa kwaya alidhani ni utani, akacheka kidogo, akaona hakuna anayecheka naye. Mama aliweka pasi chini. Baba alikuwa anaitoa futi shingoni, mahali ambapo Karani alikuwa ameiona tangu azaliwe.

"Macho yako ni mazima, baba," Karani alisema. "Ni mimi."

Alieleza yote mbele ya mgeni, akiutazama mkeka. Alieleza habari za gunia, za karanga, za kifutio. Baba alilichukua daftari. Alipitisha kidole juu ya ukurasa, akakisimamisha mahali ambapo karatasi ilikuwa imechubuka kwa kufutwa. Karani alingojea kofi.

"Kwa nini hukuniambia walichomwita mama yangu?" baba aliuliza.

"Nilitaka nimlipe mwenyewe."

"Na umemlipa nani?"

Karani alianza kulia. Baba hakumbembeleza. Alimpima mwalimu wa kwaya suti yake, namba akaandika mama, kisha akafunga duka na kumwambia binti yake avae viatu.

Gari la yadi lilikuwa bado lipo, ingawa mtu mwingine alitarajiwa kuja kulitazama mchana. Karani ndiye aliyetakiwa kusema, na alisema yote mbele ya muuza magari, kwa sauti iliyokatikakatika. Alipofika kwenye neno gunia, muuza magari aligeuka polepole kumtazama bintiye, aliyekuwa anapanguza vioo kwa tambara. Twiga aliinamisha ile shingo mpaka kidevu kikagusa kifua.

Muuza magari aliomba radhi kwa niaba ya nyumba yake. Kisha akamuuliza Karani anataka huyu binti apewe adhabu gani, naye ataitoa hapo hapo. Ilikuwa ndiyo nafasi aliyoiomba kwa Mungu, imewekwa mkononi mwake kama ndizi iliyomenywa. Karani alimtazama Twiga na tambara lake. Hakuweza kusema kwamba hataki kitu. Angekuwa anadanganya tena.

"Nataka aje amwombe Bibi msamaha," alisema. "Na mimi nitaomba wangu. Pamoja."

Walikwenda hivyo, wawili, wakasimama kando ya kitanda bila kutazamana. Twiga alisema lake kwa kunong'ona. Karani alisema lake, na lake lilikuwa refu zaidi. Bibi aliwasikiliza huku amefumba macho, hata wakadhani amelala.

"Wewe uliyeniita gunia," Bibi alisema, "nimekusamehe, maana siku ile mwenyewe nilijiona gunia. Lakini usimwambie hivyo mtu anayeumwa, hata kama ni kweli." Akafumbua macho, akamtazama mjukuu wake. "Wewe umeniumiza zaidi, kwa sababu wewe unanipenda. Kisasi hakina macho, mjukuu wangu. Ulimrushia yule jiwe, na aliyekuwa njiani ni mimi na baba yako. Mtu akinitukana, njoo uniambie. Mdomo ninao. Nyonga ndiyo mbovu."

Baba aliyekuwa mlangoni aliongeza lake. Fundi akikosea, alisema, huharibu nguo moja, lakini mwandishi akidanganya huharibu kila mtu aliyemwamini. Kwa muda wa muhula mzima Karani hakuruhusiwa kushika penseli ya duka. Alizoa vipande vya kitambaa na kufagia nyuzi, na mama aliandika vipimo kwa mwandiko wake uliolala.

Wiki mbili zilipokwisha, gari la yadi liliegeshwa mlangoni. Baba alikuwa amelinunua, na dereva mstaafu alikuwa ameelezwa ukweli na kuombwa radhi. Bibi aligeuka, akarudi nyuma kidogo kidogo, Karani akimshika mkono mmoja na Twiga, aliyetumwa na baba yake kuleta funguo za akiba, akiushika wa pili. Kiti kilimpokea bila goti kupanda wala mguu kuinuka. Bibi aliketi, akatulia, akavuta pumzi. Wasichana hawakuwa marafiki siku ile, na labda hawatakuwa. Lakini waliufunga mlango pamoja, taratibu, wasije wakambana nguo.

"Twendeni kliniki," Bibi alisema kwa kupitia dirishani. "Nimepiganiwa vya kutosha. Sasa nataka kutembea."