Pirogi Iliyochongwa Kupita Kiasi

Mwanzoni mwa 1964, ua wa makumbusho ya mto mjini Kisangani ulijaa kila Jumamosi watu waliokuja kujifunza kuchonga mitumbwi. Feruzi, fundi wa pirogi, yaani mitumbwi ya gogo, alimaliza maelezo yake, akauliza nani atashika tezo achonge. Nyota, aliyeunganisha simu posta, akajitokeza akiwa amevaa gauni la manjano na viatu vyeupe.

"Mademoiselle, unakuya kuchonga ao kucheza dansi?"

"Leta tezo, fundi. Utaona."

Alichonga vizuri. Juma zima Feruzi alimpigia simu posta.

"Allô, chérie. Mikono iko namna gani?"

"Iko na malengelenge. Kuya uipake mafuta."

Jumamosi moja Nyota alikuwa kazini. Siku hiyo Feruzi alionyesha vigingi: vijiti vyeusi, vifupi, vinavyopigiliwa kutoka nje ya gogo. Anayechonga ndani akiona ncha nyeusi, anaacha; ubao umefikia unene wake. Nyota aliporudi aliona madoa meusi, akadhani mti umeoza, akayafukuza kwa tezo. Kadiri alivyochonga, hayakuisha, na ubao ukazidi kukonda.

"Umeua pirogi!" Feruzi alifoka mbele ya darasa zima.

"Hukuniambia!"

"Nilisema samedi!"

"Samedi nilikuwa ku kazi! Ungeniuliza!"

Nyota akaondoka. Feruzi alipopiga simu, Nyota alitambua sauti, akachomoa waya. Alichomoa hivyo mpaka Agosti, waasi walipoingia mjini na kuanza kusaka makarani wa serikali. Siku hiyo Feruzi alipiga tena.

"Nyota, usikate. Wanafika posta sasa hivi. Kuya ku mto, nyuma ya makumbusho."

"Na pirogi gani? Ile niliua?"

"Ile ile."

Nyota alivua viatu vyeupe, akajifunga kitenge alichoazima kwa muuza mihogo ili asitambuliwe, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Feruzi alikuwa ameziba palipokonda kwa kipande cha ubao na lami.

"Kaa nyuma. Pale pembamba nitakanyaga miye."

"Na ikipasuka?"

"Nitaloa wa kwanza."

Nyota alicheka, kisha akaacha. "Papa yangu iko ng'ambo. Akikuuliza unatafuta nini, utasema nini?"

"Natafuta bibi wa kuoa. Huyu mwenye anachonga mingi."

"Kwanza utasema pardon."

"Pardon, Nyota. Ningekuuliza."

Nyota akachukua kasia, akaisukuma pirogi kutoka ukingoni. Maji yalipenya kidogo pembeni mwa lami. Feruzi aliweka mguu hapo, hakuuondoa mpaka ng'ambo.