Barua ya Kudai Cherehani

Kila asubuhi fundi wa nguo hupangusa cherehani yake kabla ya kuketi. Yeye na mumewe waliinunua kwa mkopo, na mume ndiye aliyekuwa akilipa dukani. Mumewe alifariki mwaka juzi. Cherehani hiyo ndiyo inayowalisha watoto watatu.

Jumatatu alikuta barua chini ya mlango wa kibanda. Ilikuwa na mhuri mwekundu. Ilisema marehemu aliacha deni la cherehani. Fundi alitakiwa kulipa kwa simu kabla ya Ijumaa, la sivyo cherehani itachukuliwa.

Fundi alianza kulia. Akiba yake ilikuwa ada ya shule. Akashika simu ili atume hela hizo.

"Dada, mbona unatuma hela huku unalia?" Aliyeuliza ni jirani yake, karani wa mahakama, aliyekuja kuchukua sketi yake.

"Deni la marehemu. Sitaki asemwe vibaya kaburini."

Karani aliisoma barua mara mbili.

"Usitume hata senti," alisema. "Haitaji duka lililowakopesha. Haitaji mkataba. Inakukimbiza tu. Mdai wa kweli huonyesha karatasi. Namba hii usiipigie, nenda dukani mwenyewe. Risiti unazo?"

Fundi aliona haya. Nyuma ya risiti huandika vipimo vya wateja.

"Zimo kwenye kopo la vifungo," alisema kwa sauti ndogo.

Walimwaga kopo mezani. Karani akaokota karatasi moja. "Mwalimu mkuu, kiuno inchi arobaini na nne," alisoma. Akaigeuza. Upande wa pili palikuwa pameandikwa: Malipo ya mwisho. Deni limekwisha.

"Kumbe kitambi cha mwalimu mkuu kimekuokoa!"

Walicheka mpaka wakafuta machozi.

Dukani, meneja alipekua kumbukumbu zake. Fundi hakudaiwa, na barua haikuwa yao. Kutoka hapo fundi aliipeleka polisi, akabaki na nakala.

Ijumaa simu iliita. "Mama, tunakuja kuchukua cherehani!"

"Karibuni. Njooni na mkataba. Barua yenu iko polisi."

Simu ikakatwa. Haikuita tena.

Siku hiyo fundi alinunua daftari la vipimo. Risiti zote alizitia kwenye bahasha moja. Juu yake aliandika jina la mumewe, na chini ya jina akaandika: Hadaiwi.